Jiwe la Rundoni

Mtu aliyepita Kihesa, mjini Iringa, siku ya Jumamosi, katika miaka ile ya hamsini, alikutana na jambo la kumfanya apunguze mwendo. Barazani kwa mama Verediana, mwanamume mzima, mwenye suruali iliyopigwa pasi, amekaa kwenye kigoda. Mbele yake kuna kioo kinene, na juu ya kioo anasugua jiwe. Anasugua kwa kuzungusha mkono, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Anatia tone la maji, ananyunyiza unga wa msasa, anasugua tena. Asubuhi nzima. Jiwe linapungua, linapungua, mpaka linabaki utando tu uliogandishwa kwenye kigae kidogo cha kioo, na utando huo ukiuweka juu ya gazeti, herufi za chini yake unazisoma.

Mama Verediana, mjane wa Kihehe mwenye nyumba, hakuchoka kumtania mke wa mpangaji wake. Alikuwa akisimama mlangoni, mikono kiunoni, na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Mama Lusia, mumeo anasaga kutwa nzima. Unga uko wapi tusonge ugali?"

Tusekile naye, Mnyakyusa asiyeshindwa maneno, akajibu bila kuinua kichwa kwenye mboga zake, "Unga huo wanakula Wazungu, mama. Sisi tunaachiwa vumbi."

Watu wakacheka, na mwenye kusaga akacheka nao, kisha akaendelea. Huyo ndiye Gideoni, na habari zake zinafaa kusikilizwa kwa utulivu, maana katika Iringa yote ya siku zile hakuna mkono uliolijua jiwe kama wake.

Alizaliwa juu ya Mbeya, kwenye mteremko ambako baridi ya Juni inang'ata masikio, kwa baba aliyeitwa Saulo, mkulima wa viazi na pareto. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, shule ikaishia hapo. Akaenda Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, akawa muosha mchanga. Wenzake walitikisa makarai wakitafuta kinachong'aa, na kilichobaki wakakimwaga. Gideoni alikitazama hata kile kilichomwagwa. Alikuwa akijiuliza kwa nini changarawe hii ni nyekundu na ile ina mistari, na kwa nini kuna mawe yaliyojikunja kama kitenge kilichosukumwa pembeni mwa kitanda. Hakuna wa kumjibu pale Lupa. Waliambiwa watafute dhahabu.

Mwanzoni mwa mwaka 1951 akaja Mbeya Mzungu mmoja mwembamba, pua imebabuka kwa jua, anatafuta wapagazi. Kazi yake ilikuwa kupima miamba kutoka Mbeya hadi Iringa na kuichora kwenye ramani. Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa gumu, kwa hiyo wapagazi wakamwita Bwana Nyundo, naye akaitikia. Aliwapanga watu mstari, akamwekea kila mmoja jiwe mkononi, akauliza anaona nini. Wengi walisema wanaona jiwe. Gideoni alilitia ulimi kwanza, likalowa, mistari ikatokea, ndipo akasema, "Hili limesukumwa. Lilikuwa jingine, likasukumwa likawa hivi." Kesho yake Gideoni akapewa nyundo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unatembea mpaka unafika penye mwamba. Unapasua kipande kwa nyundo, unaandika namba kwa rangi, unakitia kwenye mfuko wa kitambaa cha marekani, na namba hiyo hiyo inaingia kwenye daftari pamoja na jina la mahali. Bwana Nyundo alikuwa na sharti moja alilolirudia kila asubuhi kama sala. Mwamba lazima uwe na mizizi, yaani uwe umeshikana na ardhi ya pale ulipo, usiwe jiwe lililoporomoka au kuletwa na maji. Aliyasema haya nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili cha kubahatisha. Gideoni, mwezi wa pili tu kazini, alishika nusu.

Na hapo ndipo penye mkasa wetu.

Mwezi wa Machi mwaka huo msafara ulikuwa umepiga hema Rujewa, na Bwana Nyundo yuko kitandani na homa. Akamtuma Gideoni apande vilima vilivyo mashariki, mpaka pale njia ya zamani ya miguu inapovuka mgongo wa kilima, amletee jiwe moja la pale juu. Wakaenda wawili, yeye na Marcelino, mpagazi wa Kihehe, mrefu, mwenye mdomo usiojua likizo. Walipanda nusu siku. Walipofika, mvua imefunga upande wa Usangu, na pale juu hapana mwamba hata wa dawa. Udongo mwekundu na majani tu, na katikati ya majani, kando ya njia, rundo kubwa la mawe.

Rundo lile liliwekwa na miguu ya watu. Kila mpita njia anayekivuka kilima kile huokota jiwe huko alikotoka, hupanda nalo, na akifika juu huliweka rundoni, akisema moyoni kwamba uchovu wake ubaki hapo. Wamefanya hivyo tangu kabla lori halijajulikana. Gideoni mwenyewe alikuwa amelelewa hivyo kwao, na hata siku hiyo alibeba jiwe dogo kutoka chini. Akaliweka. Alipoliweka, macho yake yakagota kwenye jingine.

Lilikuwa jiwe la ajabu. Jeupe-jeupe, limejaa vijiti bapa vya rangi ya buluu, ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, na katikati yake punje nyekundu kama ulezi.

"Chukua hilo," Marcelino akasema. "Tangu Mbeya hatujabeba jiwe zuri kama hilo. Bwana akiliona homa itatoka."

Gideoni hakuona kosa. Tuseme ukweli, nani kati yetu angeliona? Kwake yeye, jiwe lililokwisha kuwekwa pale lilikuwa la pale. Ndiyo maana ya kuliweka. Akalipasua vipande viwili, kimoja akakirudisha rundoni kwa adabu, cha pili akakiandika namba 214. Wakashuka na mvua mgongoni. Bwana Nyundo alipolishika, kweli alikaa kitako kitandani. Akauliza mara mbili kama limetoka pale juu. Gideoni akajibu ndiyo, Bwana, pale pale juu. Na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Miaka ikapita. Ikafunguliwa ofisi ndogo ya miamba mjini Iringa, chumba kimoja cha meza na makabati, kimoja cha gurudumu la kukatia mawe. Gideoni akaletwa huko pamoja na Tusekile na binti yao Lusia, wakapanga Kihesa. Bwana Nyundo alimfundisha kukata jiwe liwe jembamba kuliko ganda la kitunguu, ili mwanga upite. Wengine walijaribu, mawe yakawavunjikia. Mikono ya Gideoni haikuwa na haraka. Ikafika mahali hata ofisi nyingine za mbali zikawa zinaleta mawe yao Iringa zikiomba yasagwe na yeye mwenyewe.

Ila kusaga hakukumtosha. Alitaka kujua anachokisaga. Kila alipomaliza kipande alikiweka kwenye hadubini, na Bwana Nyundo, aliyekuwa mtu wa subira kwa mwenye kuuliza, akamweleza. Akamweleza kwamba kuna miamba iliyozikwa chini sana, ikapata joto na kugandamizwa, ikageuka bila kuyeyuka. Gideoni alielewa upesi kuliko wengi wenye vitabu, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akiviona vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Mbeya. Udongo ukiingia motoni hauyeyuki. Unabaki na umbo lake lile lile, lakini si udongo tena, na hata ukiuloweka mwaka mzima haurudi kuwa udongo. Ndivyo ilivyo miamba hiyo, alikuwa akiwaeleza wageni barazani, na punje zilizomo ndani yake zinakuambia moto ulikuwa mkali kiasi gani. Punje nyekundu zinasema hivi. Vijiti vya buluu vinasema vile, vinasema jiwe hili lilikaa chini sana na kubanwa sana.

Na jiwe lenye maneno hayo, akaongeza siku moja, linasema habari za mahali lilipoota. Ukilihamisha, linakuwa shahidi wa uongo.

Aliyasema hayo mwenyewe, kwa kinywa chake, na bado hakukumbuka.

Alikumbuka Agosti ya mwaka 1956. Bwana Nyundo alimwita mezani, akamfunulia ramani, kazi ya miaka mitano. Upande mmoja ulipakwa rangi ya waridi, ndilo itale, lile jiwe la kijivu la Iringa ambalo hata Gangilonga, lile jabali lililo juu ya mji, ni la jamii yake. Upande wa pili ulipakwa kijani, ndiyo miamba iliyogeuka. Katikati ulipita mpaka, umenyooka vizuri, isipokuwa mahali pamoja, mashariki ya Rujewa, ambapo kijani kilivimba na kuingia kwenye waridi kama shavu la mtu anayeumwa jino.

"Shavu hili ni lako," Bwana Nyundo akasema kwa furaha. "Wakubwa zangu hawakuamini. Nimewaandikia kurasa kumi na mbili. Namba 214."

Kisha akamwonyesha kona ya chini. Palikuwa na jina la Bwana Nyundo, na chini yake, kwa penseli, jina la Gideoni. Ramani inakwenda kuchapwa mwisho wa mwaka, na jina hilo litachapwa nayo. Hapakuwa na mpagazi aliyewahi kuandikwa kwenye ramani. Marcelino alikuwa mlangoni, akasikia, na kwa mdomo ule, kabla ya saa sita Kihesa yote ikajua. Tusekile akamwandikia mzee Saulo. Mzee akajibu kwa mkono wa katekista kwamba habari imesomwa kanisani, na watu wamesimama.

Gideoni alikwenda kabatini. Akatoa kipande cha 214, akakilowesha. Vijiti vya buluu vikatokea, na pamoja navyo ikatokea mvua ya Machi, na rundo. Akalirudisha jiwe mahali pake, akafunga kabati, akaenda nyumbani kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne Tusekile akaondoa sahani, akakaa mbele yake.

"Baba Lusia, umeshiba nini? Mawe?"

Akamweleza yote. Tusekile alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo la nadra.

"Anayejua ni nani?"

"Mimi. Marcelino alikuwepo, lakini hajui maana yake."

"Kwa hiyo ni wewe peke yako. Mimi napenda jina lile lichapwe, nisikudanganye. Nimeshatembea nalo kanisa zima. Ukilifuta nitaona haya. Lakini hayo ni yangu. Wewe je, ukiiona ramani ukutani, utaweza kuitazama?"

Gideoni alikuwa na tumaini moja amelishikilia. Pengine chini ya ule udongo mwekundu mwamba wenyewe ni wa buluu. Pengine jiwe lile liliokotwa hapo hapo. Kama ni hivyo shavu ni la kweli, na jina linakaa. Akaomba likizo ya wiki moja, akamchukua Marcelino, jembe na sururu. Walipanda basi la Mbeya, wakateremka njia panda ya Rujewa, wakashika njia ya miguu.

Walichimba mita mbili kutoka kwenye rundo, bila kuligusa. Udongo ulikuwa mgumu, na Marcelino alilalamika kwa kila pigo. Alisema amechimba makaburi mafupi kuliko shimo hilo. Shimo lilikuwa limefika kifuani alipotokea mama mmoja wa Kisangu, Damari, ana kikapu cha viazi vitamu kichwani na jiwe mkononi. Akasimama akawatazama kuanzia miguu.

"Nyie ni watoto wa nani? Mnachimbua uchovu wa watu?"

"Shikamoo, mama," Gideoni akasema akiwa shimoni. "Hatuligusi rundo. Tunatafuta mizizi ya kilima."

"Marahaba. Mkiipata mtaikata?"

Marcelino alicheka mpaka akaegemea jembe. Gideoni akatoka shimoni, akamwonyesha kwa kidole kile kipande cha jiwe la buluu alichokirudisha, ambacho miaka yote mitano kilikuwa kimekaa rundoni, akamuuliza kama amewahi kuona kama hilo huku kilimani. Damari akasema huku, hapana. Mawe ya namna hiyo waliyaleta watu wa mashariki, wanaume waliokuwa wakienda Lupa kwa miguu, kila mmoja na jiwe la kwao. Marehemu mumewe alikuwa akiwasimanga kwamba wanahama na milima yao. Akaliweka jiwe lake, akawaambia wasisahau kufukia, asije mtu akavunjika mguu, akaendelea na safari.

Jioni sururu iligonga mwamba. Gideoni akapiga magoti, akafagia udongo kwa viganja, akapasua kipande, akakitia ulimi. Itale. La kijivu, punje kubwa, halina kijiti hata kimoja cha buluu. Akachimba upande huu na upande ule. Itale.

Marcelino alikuwa ameshaelewa. Si mjinga Marcelino. Akashika jembe.

"Tufukie, kaka. Tufukie twende zetu. Nani atakuja kuchimba hapa tena?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Mimi nimeshachimba."

Jumatatu asubuhi aliliweka lile itale juu ya meza, juu ya ramani, pale pale kwenye shavu. Akasimama wima, akasema. Alianza na mvua, akaja kwenye rundo, akaeleza desturi yenyewe, kwa nini watu huweka mawe, na kwa nini yeye aliona jiwe lile ni la pale. Hakutaja jina la Marcelino. Bwana Nyundo alisikiliza huku rangi ikimtoka usoni, kisha ikimrudi kwa wingi.

"Ulijua?"

"Siku ile sikujua, Bwana. Nimejua wiki tatu sasa."

"Na mangapi mengine?"

Swali hilo Gideoni alikuwa amelala nalo siku zote, na bado lilimchoma.

"Hilo ndilo sijui. Mwaka ule wa kwanza nilikuletea mawe thelathini na moja bila wewe kuwepo. Sikumbuki yote niliyatoaje."

Bwana Nyundo akafungua mtoto wa meza, akatoa raba. Akafuta jina la kwenye kona, polepole, mpaka karatasi ikabaki nyeupe, akapuliza vumbi. Akasema bila kumtazama, "Toka. Rudi kesho."

Aliporudi kesho yake, akijua anakuja kukabidhi nyundo, alikuta daftari la mwaka 1951 liko wazi mezani, namba thelathini na moja zimezungushiwa duara jekundu. Bwana Nyundo alisema kwa mkato kwamba kama angemfukuza, hakuna mwingine anayejua pa kwenda. Ramani itasubiri. Aende.

Akaenda. Kiangazi cha mwaka 1957 na kiangazi cha 1958, Gideoni aliufuata tena ule msafara wote, hatua kwa hatua, kutoka Mbeya hadi Iringa. Marcelino aliomba mwenyewe kufuatana naye, akidai kwamba anataka kuona mwisho wa upumbavu huu. Kila mahali Gideoni alisimama akajitafuta mwenyewe, yule wa miaka ile. Nilisimama wapi? Jua lilikuwa upande gani? Nyundo niliipiga hapa au pale? Mara nyingi alilikuta kovu la nyundo yake bado liko mwambani, limeota ukungu wa kijani, akalipapasa kama mtu anayepapasa kidonda kilichopona. Palipokuwa na shaka alichimba. Mawe ishirini na nane aliyakuta yana mizizi, sawasawa na daftari. La rundoni tunalijua. Yakabaki mawili. Moja mahali pake pamegeuzwa shamba la mpunga, mifereji imepita na maji yametanda. La pili, alizunguka kilima kizima siku mbili, na kumbukumbu ikagoma.

Bwana Nyundo naye alikuwa na njia yake ya kupita. Ilimbidi awaandikie wakubwa zake kwamba kurasa zile kumi na mbili hazina maana. Walimcheka, na barua za kumcheka zilikuja Iringa wazi wazi. Hakumwonyesha Gideoni, lakini Gideoni ndiye aliyekuwa akizipokea posta.

Oktoba 1958 mpaka ulichorwa upya. Shavu lilikwisha. Mstari ukapita mashariki ya Rujewa umenyooka kama kamba ya fundi mwashi. Bwana Nyundo akaupitishia wino wa mwisho, akakaa akiutazama, kisha akachukua penseli na kwenye ile kona akaanza kuandika tena jina alilolifuta.

"Usiliandike, Bwana," Gideoni akasema.

Penseli ikasimama.

"Gideoni, wapo watu wenye digrii ambao wangelitunza shavu lile mpaka kaburini. Umetembea miaka miwili. Hutaki jina?"

"Nalitaka sana. Lakini mawe mawili bado. Mtu akiniuliza, nitamjibu nini?"

"Utamjibu mawili hayakupatikana. Kila ramani ina mawili yake. Hata zangu."

"Zako umezizoea. Mimi hii ingekuwa ya kwanza." Gideoni akajikaza kisabuni. "Liandike kwenye ile ya Mbeya. Milima ya kwetu. Ile nitaipiga nyundo mwenyewe kuanzia jiwe la kwanza, na kila jiwe nitalijua lilivyotoka."

"Nani amekuambia utapewa ya Mbeya?"

"Hakuna. Ndiyo maana naomba."

Bwana Nyundo akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya raba akacheka, akacheka mpaka Marcelino akachungulia mlangoni. Kisha akavuta karatasi safi na kuanza kuandika barua ya kuomba kwamba ramani ya Mbeya ipewe mtu asiye na digrii, mwenye darasa la nne, na chini yake akataja sababu. Majibu yalichukua miezi mitano. Yalikuja mafupi, lakini yalikuja vizuri. Tusekile alipoisoma barua alichukua khanga yake mpya, akaenda kwa mama Verediana kukaa tu, na mama Verediana siku hiyo hakuuliza habari za unga.

Juni 1959, juu ya Mbeya, umande ulikuwa umeganda kwenye mashamba ya pareto. Marcelino alijifunika blanketi mpaka macho, akisema watu wenye akili hawaishi mahali ambapo hata majani yanatetemeka. Mzee Saulo alikuja na fimbo yake mpaka pale kijana wake alipopiga magoti kwenye mwamba wa kwanza, kando ya shamba. Gideoni alikuwa akiondoa udongo kwa mikono chini ya mwamba, kiganja baada ya kiganja, akiufuata jinsi unavyoshuka.

"Jina limekwisha kuchapwa?" mzee akauliza.

"Bado, baba."

"Itachukua muda gani?"

Gideoni akaweka dira juu ya mistari ya jiwe, akasoma, akaandika kwenye daftari jipya: 1.

"Labda miaka minne."

Mzee Saulo akatafuta mahali pakavu, akaketi.

"Haya, piga," akasema. "Nikutazame."